Harufu ya Mabibo

Msimu wa mnada watu hukumbuka meno.
Korosho zikishalipwa, foleni yangu hapa Newala
hufika hadi mlango wa chanjo:
huyu ling'olewe, yule lizibwe,
na mimi na taa yangu moja, na koleo
zilizochemshwa hadi zimepoteza mng'aro.

"Achama." Ndilo neno ninalolisema kuliko salamu.

Kinywa ni jumba la maneno, tuliambiwa utotoni.
Mimi huingia jumbani wenyewe wakiwa kimya.
Nilimwona humo Bi Somoe Nalinga wa Mahuta,
fizi zimeumuka juu ya meno kama unga wa hamira.
Alidhani karogwa na wifi.
Akafungua fundo la kanga: vidonge vya presha, mwaka wa pili.
Nikamwandikia daktari barua, ambadilishie.
Usiviache mwenyewe, mama, nikamwambia,
fizi haiui, presha huua.
Akaniangalia kama niliyemtetea wifi.

Lakini ninayetaka kumsema ni Maalim Shaweji.

Alikuja Alhamisi, ameshikwa mkono na mkewe,
jino la mbele likicheza kama mlango uliolegea bawaba.
Akaachama.
Nikageuza uso.

Mabibo. Mabibo yaliyolala siku tatu pipani,
harufu tuijuayo sote kuanzia Oktoba,
ya vilabu vya nyuma ya soko, ya uraka.
Na huyu ndiye awafundishaye wanetu alifu na bee!
Nje, kwenye benchi, mtu akakohoa kikohozi chenye maneno.
Wazazi walishaanza kuwatoa watoto chuoni,
mmoja mmoja, bila kutaja sababu.

Bi Atika, mkewe, hakukana, hakulia.
Alihesabu ndoo.
"Maji tunanunua. Zamani ndoo moja ilitufikisha jioni.
Sasa anaamka usiku, anaimaliza peke yake,
na asubuhi chooni sisimizi wamejipanga
kama wana harusi."

Nikarudisha uso. Nikaangalia tena, safari hii kwa macho.
Ulimi mkavu, umepasukapasuka,
fizi zinatoa usaha kwa kuguswa tu,
na pumzi... Ameketi, lakini anahema
kama aliyepandisha kutoka bonde la Ruvuma na gunia kichwani.
Mlevi hatweti hivyo akiwa kitako.

Jino sikuligusa.
Tulimsukuma wodini kwa kiti chenye gurudumu bovu,
kikilia njia nzima mbele ya benchi lile.
Wakamtoboa kidole. Kimashine kikakataa kutaja tarakimu.
Sukari, iliyopita mahali pa kuhesabika.
Mwili, kwa kukosa njia ya kuila,
ulikuwa ukiunguza mafuta yake wenyewe,
na moshi wa moto huo
ndio tuliokuwa tumeupa jina la uraka.

Amepona? Hapana, ametulia. Si neno moja.
Huja kila baada ya miezi mitatu nimkwangue meno.
Jino lile bado lipo; tumekubaliana lisubiri.
"Vidonge hivi," ananiambia, "vinanipa ladha ya sarafu.
Hata uji. Hata dagaa. Kama nimelamba shilingi."
Namwambia huwa hivyo, azipe wiki chache,
isipokwisha amwambie daktari, asinyamaze.
"Shilingi kinywani," anacheka, "mfukoni hamna."
Na pumzi yake siku hizi haina kitu,
ni pumzi tu ya mtu.

Watoto tisa wamerudi chuoni.
Wale wa benchi hawajasema neno.
Wala mimi. Sijamwambia kuwa niligeuza uso.
Huja, huketi, huachama,
nami nainama karibu
kuliko inavyohitajika.